Kushusha ndai ni fiti, lakini umeuliza barabara ya Wusi?

Simama stage ya Mwatate Ijumaa jioni, utaona sinema ya bure. Ndai zinatoka Voi zikiwa zimelamba lami, ekzosi inanguruma, rimu zinang'aa, kisha zinakata kuelekea Wundanyi. Kwa tuta la kwanza Impreza moja inapita mshazari kama kaa. Nyuma yake kuna Axela. Hiyo inasimama kabisa, abiria watatu wanashuka, dere anavuka pole pole akiwa peke yake, halafu wanapanda tena. Wasee wa boda wanacheka. Dere hacheki, anasikiliza kama bampa imeguza.

Ni rahisi kusema hao ni vijana wa kujionyesha na story iishe hapo. Lakini kushusha gari sai ni mambo ya doh na ya usalama, na serikali nayo imeanza kupiga hodi. Kwa mtu wa Taita Taveta mwenye ana ndai moja tu, ya kazi, ya kanisa na ya kwenda ushago, swali ni hili: barabara mbaya zaidi yenye unapita kila wiki ni gani? Hiyo ndiyo inafaa kuamua gari yako ishuke kiasi gani.

Lami ya Voi imetudanganya kidogo

Zamani ukipita Mwatate kuelekea Taveta ulikuwa unakula vumbi. Miaka ya 2010 barabara hiyo ikawekwa lami chini ya mradi wa Arusha–Holili/Taveta–Voi, wenye ulipata pesa za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ongeza barabara kuu ya Mombasa–Nairobi yenye inapita Voi, na ghafla kijana wa hapa ana kilomita nyingi za kutambaa bila presha. Hapo gari ya chini ni raha. Haiyumbi, inatulia, na picha zinatoka poa.

Shida ni kwamba wengi wetu hatuishi kwa hiyo lami. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari. Wundanyi inapita mita 1,300. Sehemu kubwa ya huo mwinuko unaipanda kati ya Mwatate na Wundanyi, kilomita kama 15 tu, ukipitia Wusi. Njia ni nyembamba, kona zimejikunja, upande mmoja ni ukuta wa mlima na mwingine ni bonde. Msimu wa mvua kuna ukungu, na maji yanabeba mchanga na mawe mpaka kwa lami. Na ukifika, nyumba ya mama haiko kando ya lami. Kuna kile kipande cha udongo cha mwisho, chenye mfereji katikati.

Hiyo ndiyo barabara yako mbaya zaidi. Sasa tupige hesabu.

Hesabu ya sentimita kumi

Saluni nyingi za kimichezo zenye tunapenda hapa, Impreza, Axela na Mark X, zinatoka kiwandani zikiwa na nafasi ya kama milimita 150 hadi 160 kati ya tumbo la gari na barabara. Hiyo ni gari tupu.

Weka springi fupi za kawaida. Nyingi zinashusha milimita 25 hadi 35. Tuseme 30. Umebaki na kama 125. Sasa ni Desemba, unapeleka watu nyumbani: watu wanne, gunia la mchele, mitungi, begi za watoto. Huo uzito unaweza kuketisha gari sentimita mbili hadi tatu zaidi. Umefika kama sentimita 10, na bado hujapiga tuta.

Yule mwenye ameshusha milimita 60 kwa sababu ya picha anabaki na nafasi kama ya simu iliyosimamishwa kwa upande wake mrefu. Chini ya injini kuna tanki la oili. Jiwe moja la Wusi likiguza hapo, oili inamwagika, na ukiendelea kuendesha bila kuona taa nyekundu, injini imeenda.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawapimi: safari ya shoki. Gari ikiwa juu, gurudumu lina nafasi ya kupanda likipiga shimo. Ukiishusha, hiyo nafasi inapungua. Ikiisha, shoki inagonga ile raba ya mwisho, na kwa hiyo sekunde ni kama gari haina springi kabisa. Ikitokea kwa barabara iliyonyooka, mgongo unauma. Ikitokea katikati ya kona ukiteremka kutoka Wundanyi, tairi linaruka na kuachilia lami. Hapo upande wa pili ni bonde.

Njia nne, na ni moja tu ya kukimbia

Ya kwanza ni kukata springi. Inafanywa na mek yeyote mwenye grainda, ndiyo maana ni maarufu. Wasee, hii mkimbie. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko imebaki michache. Ile ncha iliyotengenezwa ikae sawa kwa kiti chake inapotea, kwa hivyo gurudumu likining'inia kwa shimo, springi inaweza kuhama mahali pake. Kuna wengine wanaichoma na gesi mpaka ishuke yenyewe. Hiyo ni mbaya hata zaidi, kwa sababu moto unaua ugumu wa chuma na springi inaweza kuvunjika siku yoyote.

Ya pili ni springi fupi zilizotengenezwa kiwandani, majina kama Eibach, H&R na Tein. Hizi ndizo zinafaa watu wengi wa kuendesha kila siku, kwa masharti mawili. Usivuke milimita 30, na usizifunge juu ya shoki zilizochoka. Gari nyingi za ex-Japan zinafika na shoki zimezeeka tayari. Ukizifungia springi ngumu, zinakufa haraka na gari inaanza kuruka kama mpira. Nunua springi na shoki pamoja, ama ngoja mpaka doh itoshe.

Ya tatu ni koilova, yaani shoki na springi zikiwa kitu kimoja, na unaweza kupandisha ama kushusha kwa kuzungusha. Koilova nzuri inakupa uhuru: Voi uko chini, Desemba unapandisha kabla ya kwenda ushago. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mtu analala chini ya gari kila wiki na spana. Wengi wanaweka chini kabisa siku ya kwanza na inakaa hapo. Na ile ya bei rahisi haipendi vumbi. Nyuzi zake zinajaa tope na kutu, baada ya msimu mmoja wa mvua hazizunguki tena, na seli zikikatika oili inatoka. Kama unachukua koilova, uliza kama vipuri vyake vinapatikana na kama kuna fundi wa kuikarabati. Kama jibu ni hapana, hiyo ni springi fupi ya bei ghali.

Ya nne ni mifuko ya hewa. Unabonyeza swichi gari inapanda, unabonyeza tena inalala. Kwa matuta ni dawa kabisa. Lakini kuna pampu, mipira ya hewa, waya na tanki, na kimoja kikivuja usiku kati ya Voi na Mwatate, gari inalala pale pale. Hiyo barabara ndovu wa Tsavo hupita. Jiulize kama unataka kuwa hapo nje na tochi ya simu.

Chini sana haimaanishi kona safi

Hapa ndipo story ya mtaa inakosea sana. Watu wanaamini kadiri gari inavyokuwa chini, ndivyo inavyoshika kona. Ni kweli mpaka kiwango fulani. Baada ya hapo inageuka.

Impreza, Axela na Golf zote zinatumia mguu wa mbele wa aina ya MacPherson. Kuna mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Gari ikiwa kwa urefu wake, huo mkono umelala karibu sawa na barabara. Ukishusha sana, mkono unaelekea juu kwa upande wa gurudumu, na ile nukta ambayo gari inaizunguka ikilala kwa kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari. Matokeo yake gari inataka kulala zaidi kwa kona, na usukani unaanza kujivuta wenyewe ukipiga shimo. Umelipa doh ili gari ishike vibaya.

Pia angalia tairi. Kona za Wusi zinakulazimisha kukunja usukani karibu mpaka mwisho huku gurudumu la nje limebeba uzito wote. Hapo ndipo tairi pana linasugua plastiki ya ndani ya bampa. Kwa parking ya Voi hutaisikia. Kwa mlima utaisikia kila kona, na ukuta wa tairi unakatika pole pole.

Na taa je? Ukishusha nyuma kuliko mbele, taa zinaangalia juu. Kwa ukungu unajimulikia ukuta mweupe, na dere mwenye anashuka unamchoma macho kwa njia isiyo na nafasi ya magari mawili kufanya makosa.

Serikali inakuja na rula

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika iliyozidi miaka 8, hiyo ni kanuni ya viwango ya KS 1515. Kwa sababu ya bei, wengi tunanunua karibu na huo mwisho. Sasa, mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazopendekeza kila gari ya kibinafsi iliyozidi miaka 4 tangu itengenezwe ikaguliwe kila mwaka. Unganisha hizo mbili. Ndai yako ya ex-Japan ingekuwa kwa foleni ya ukaguzi karibu tangu siku inashuka meli Mombasa.

Hata bila hiyo rasimu, sheria iko. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari na vipuri vyake viwe kwa hali isiyohatarisha watu barabarani. Springi iliyokatwa haina utetezi hapo. Karao akitaka kukusimamisha, umemrahisishia kazi.

Na bima. Mkataba wa bima unakutaka useme ukweli kuhusu gari yako. Ukibadilisha miguu ya gari na unyamaze, unaipa kampuni sababu ya kubishana na wewe siku mbaya kabisa. Waambie kwa maandishi, na uweke risiti za springi, shoki na alaimenti. Zitakusaidia kwa bima, kwa ukaguzi, na hata siku unauza.

Kwa hivyo ufanye nini?

Kama doh ni kidogo, usishushe kwanza. Badilisha shoki zilizokufa, bushi zilizopasuka na boljointi zinazogonga, halafu weka tairi nzuri. Wengi wanaofanya hivyo wanashangaa venye gari yao inashika, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuiendesha ikiwa nzima.

Kama bado unataka ikae chini, shusha milimita 20 hadi 30 kwa springi na shoki zinazolingana. Fanya alaimenti siku hiyo hiyo, na urudie baada ya wiki kadhaa springi zikishakaa. Weka bamba la chuma chini ya injini, ukikumbuka nalo linakula nafasi kidogo. Acha vipuri vyako vya zamani kwa stoo, usiviuze. Halafu kabla ya kulipa fundi pesa ya mwisho, jaza gari watu wanne na mizigo, mpande mpaka Wusi, mgeuze na mshuke. Kama hakuna kitu kimeguza wala kusugua, umefaulu.

Na wale mnaosema Subaru bila kushushwa si Subaru, kumbukeni historia. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda na Subaru mwaka 2000. Kabla yao, mwaka 1994, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Impreza. Barabara za Taita Hills nazo zilikuwa kwa ramani ya Safari ya zamani. Hizo gari zenye zilitufanya tuipende Subaru hazikulamba lami. Ziliinuliwa, kwa sababu watu walioziandaa walianza kwa kuangalia barabara.

Ijumaa ijayo utapita Mwatate tena. Kama abiria wako wanaweza kubaki ndani ya gari kwa tuta la kwanza, uliwapimia vizuri.