Kwotabeki wa benchi: Nani analipa gharama ya majaribio?

MACHI 2016 klabu ya Houston Texans ya Marekani ilikubali kumlipa kijana aitwaye Brock Osweiler kitita cha dola milioni 72 kwa miaka minne. Kati ya fedha hizo, dola milioni 37 zilikuwa za uhakika, yaani angelipwa acheze asicheze. Kijana huyo alikuwa amekaa benchi kwa zaidi ya misimu mitatu katika klabu ya Denver Broncos. Mechi alizoanza katika ligi hiyo ya kulipwa zilikuwa saba tu.

Mwaka mmoja baadaye, Houston hiyo hiyo ililazimika kutoa mali yake nyingine juu ili apatikane mtu wa kumwondoa Osweiler mikononi mwake.

Msomaji anaweza kuuliza habari hii inafanya nini katika ukurasa wa nchi jirani. Jibu langu ni kwamba baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wamerejea kutoka huko. Wapo Wakongomani, na wapo Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 wakaanza kupelekwa Marekani mwaka 2007 kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania. Houston ni miongoni mwa miji iliyopokea wakimbizi wengi. Hao wanaujua mchezo huu kuliko mimi.

Wapo pia wasomaji wa Kabanga, Mutukula na Tunduma ambao hawajawahi kuuona. Lakini wengi wao wanalijua vizuri jambo lililofanywa na Houston, nalo ni kutoa fedha kwa mali ambayo mnunuzi hajaijaribu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Katika kandanda ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Timu ikiwa na kwotabeki mbovu, hata wachezaji wengine wawe hodari namna gani, haifiki mbali. Ndiyo maana anayeshika nafasi hiyo hulipwa kuliko wenzake wote.

Tatizo ni kwamba uwanjani anasimama mmoja tu. Katika soka letu mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya 70, watu wakamwona. Kwotabeki wa akiba anaweza kukaa miaka mitatu bila kuonekana isipokuwa mazoezini, ambako klabu nyingine haziruhusiwi kuchungulia. Osweiler, katika misimu yake mitatu ya kwanza, alirusha mipira kama 30 tu katika mechi za ligi. Kwa klabu nyingine alikuwa mzigo uliofungwa.

Jambo la pili ni mkataba. Mikataba ya wanasoka wa Ulaya kwa kawaida hulipwa hadi mwisho. Katika ligi ya NFL si hivyo. Klabu inaweza kumwacha mchezaji kabla ya mkataba kwisha, na fedha ambazo hazikudhaminiwa zikayeyuka. Kwa hiyo zile milioni 72 zilizotangazwa zilikuwa za magazetini. Mkataba wenyewe ulikuwa milioni 37. Wakala anayeijua kazi yake hapigani sana kuhusu namba ya kwanza, anapigania ya pili.

Sasa tuone kilichoifikisha Houston hapo. Msimu wa 2015 klabu hiyo ilitumia makwotabeki wanne. Januari 2016 ilifungwa pointi 30 kwa 0 na Kansas City Chiefs, tena nyumbani kwake, katika mechi ya mtoano. Kwotabeki wake siku hiyo, Brian Hoyer, alinaswa mpira na wapinzani mara nne. Mashabiki walichoka, na mwenye klabu alitaka dawa.

Machi 7 mwaka huo, mkongwe Peyton Manning wa Denver alitangaza kustaafu, mwezi mmoja tu baada ya kutwaa ubingwa. Ilitazamiwa kwamba Osweiler, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye angerithi kiti. Lakini mkataba wake ulikuwa unamalizika, na soko lilikuwa linafunguliwa siku mbili baadaye. Katika siku hizo mbili kanuni ziliruhusu klabu kuzungumza na wakala tu, si na mchezaji mwenyewe. Houston ikapanda dau. Kocha wake, Bill O'Brien, hakuwa hata amekutana ana kwa ana na mtu ambaye angemkabidhi timu.

Hapa ndipo penye somo, na kwa maoni yangu wachambuzi wengi wamelipita. Walihesabu mechi saba za Osweiler, ambazo alishinda tano, wakabishana kama zinatosha. Swali lililofaa kuulizwa lilihusu Denver. Klabu hiyo ilikuwa imekaa na kijana huyu miaka minne. Ilimwona kila siku mazoezini, katika mikutano na katika chumba cha wachezaji. Ilikuwa imempoteza Manning na haikuwa na mwingine wa kutegemea. Ilitaka abaki, lakini haikukubali kufika bei ya Houston.

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa maana ya jambo hilo. Mtu anayeijua mali kuliko wewe, na anayeihitaji kama wewe, akikataa kulipa bei unayotaka kulipa, usikimbilie kudhani ni mjinga. Jiulize ameona nini ambacho wewe hujaonyeshwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mali haikuhitaji hata kujitembeza, kwa sababu shida ya mnunuzi ndiyo iliyoinadi.

Matokeo yanajulikana. Msimu wa 2016 Osweiler alirusha mipira 15 ya kufunga na kunaswa mara 16. Desemba aliwekwa benchi katikati ya mechi dhidi ya Jacksonville. Alirudi kwa sababu aliyempokea aliumia, na timu ikatolewa na New England katika mtoano.

Machi 2017 Houston ilimpeleka Cleveland Browns. Kwa kuwa dola milioni 16 za mshahara wa mwaka uliofuata zilikuwa zimedhaminiwa, hapakuwa na klabu ya kumchukua bure. Ilibidi Houston iongeze juu yake haki yake ya kuchagua chipukizi katika raundi ya pili ya mwaka 2018. Cleveland iliutwaa mzigo kwa ajili ya nyongeza. Kwa nafasi hiyo ya raundi ya pili ilimchagua Nick Chubb, ambaye alikuja kuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa ligi. Osweiler mwenyewe aliachwa na Cleveland kabla msimu haujaanza, bila kuichezea mechi hata moja ya ligi. Akarudi Denver kwa mshahara wa dola 775,000.

Kuna watu waliomcheka na kumwita mlafi. Mimi simlaumu. Mchezo huu unavunja miili, na maisha ya mchezaji ni mafupi. Mchezaji wa akiba anaweza kupata siku moja tu ya soko katika maisha yake yote, na siku hiyo hana wajibu wa kumwambia mnunuzi apunguze bei. Yeye na wakala wake waliomba fedha za uhakika kwa sababu walijua kwamba ahadi nyingine zote zinaweza kufutwa. Fikiria kama wangeridhika na milioni 72 za magazetini zisizo na dhamana. Angeondoka Houston baada ya mwaka mmoja na sehemu ndogo tu.

Houston haikuwa ya kwanza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Januari 1, 2012, Matt Flynn, msaidizi wa Aaron Rodgers katika klabu ya Green Bay Packers, alipewa mechi moja dhidi ya Detroit Lions. Alirusha yadi 480 na mipira sita ya kufunga. Miezi mitatu haijaisha, Seattle Seahawks ikampa mkataba wa miaka mitatu wenye dola milioni 10 za uhakika. Mwaka huo huo Seattle ilimchagua chipukizi Russell Wilson katika raundi ya tatu, kwa mkataba wa chini kidogo ya dola milioni 3 kwa miaka yote minne. Wilson aliichukua nafasi kabla msimu haujaanza, na Februari 2014 akaipa klabu ubingwa. Wakati huo Flynn alikwishauzwa.

Je, maana yake ni kwamba mechi chache hazitoshi kamwe? La hasha. Oktoba 2017 klabu ya San Francisco 49ers ilimchukua Jimmy Garoppolo, msaidizi wa Tom Brady huko New England, kwa kutoa nafasi moja ya raundi ya pili. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. San Francisco haikukimbilia kumwongezea. Ilimweka uwanjani, akaanza mechi tano na kushinda zote. Februari 2018 ikampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 137.5. Msimu wa 2019 alikuwa uwanjani timu ilipofika fainali, ingawa ilifungwa na Kansas City.

Ukihesabu mechi alizokuwa ameanza Garoppolo katika ligi siku aliposaini, utakuta ni saba, sawasawa na za Osweiler. Tofauti ni kwamba kati ya hizo saba, tano alizicheza akiwa nyumbani kwa mnunuzi, chini ya kocha yule yule ambaye angeendelea kumtumia. San Francisco iliijaribu mali kwa bei ya majaribio, kisha ikalipa bei kamili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Green Bay. Mwaka 2020 klabu hiyo ilimchagua Jordan Love katika raundi ya kwanza, huku Rodgers akiwa bado anatawala. Love alikaa benchi misimu mitatu na kuanza mechi moja tu, ambayo walifungwa na Kansas City pointi 13 kwa 7. Aprili 2023 Rodgers aliuzwa kwa New York Jets. Ghafla klabu ilikuwa mikononi mwa kijana ambaye karibu hakuna mtu wa nje aliyemjua.

Kwa kanuni za chipukizi wa raundi ya kwanza, klabu ilikuwa na hadi Mei 2 mwaka huo kuamua kama itaongeza mwaka wa tano kwa takriban dola milioni 20, zote zikiwa za uhakika. Kukubali kungekuwa kubeba hatari yote. Kukataa kungemwambia kijana kwamba hata waliomlea hawamwamini. Pande mbili zikakaa na kupata njia ya tatu. Mkataba uliongezwa hadi msimu wa 2024, ukiwa na dola milioni 13.5 za uhakika na uwezekano wa kufika milioni 22.5 kama angefanya vizuri.

Yaani kila upande ulibeba kipande chake. Kijana alipata fedha ambazo hata akivunjika mguu angebaki nazo. Klabu ilijua kwamba akishindwa, hasara haitaifilisi. Na ikumbukwe kwamba Green Bay ilikuwa imemwona Love mazoezini miaka mitatu. Kama anayeijua mali aliona vema kugawana hatari, Houston ambayo haikuijua ilikuwa na sababu gani ya kuibeba peke yake?

Love alianza vibaya. Timu ilipoteza mechi sita kati ya tisa za kwanza. Lakini katika mechi nane za mwisho za msimu wa kawaida alirusha mipira 18 ya kufunga na kunaswa mara moja tu, kisha Green Bay ikaifunga Dallas Cowboys nyumbani kwake pointi 48 kwa 32 katika mtoano. Julai 2024 hali ilikuwa imegeuka. Love alifika kambini lakini akakataa kufanya mazoezi hadi asaini. Akapata nyongeza ya miaka minne yenye thamani ya dola milioni 220, zikiwamo milioni 75 za kusaini. Kwa wastani wa mwaka hakuna mchezaji aliyekuwa amemzidi wakati huo.

Yupo atakayesema kwamba Green Bay ilichelewa, kwamba kama ingemfunga mapema ingempata kwa bei ndogo. Ni kweli kwamba kusubiri kuna bei yake. Lakini ile tofauti ndiyo ada ya kujua, na anayelipa ada hiyo hulala usingizi. Houston nayo ililipa ada, isipokuwa iliilipa baada ya mali kuharibika mikononi mwake, na juu yake ikampa jirani Nick Chubb.

Kwa wasomaji wetu wa mipakani, wanaochukua mizigo kwa mali kauli au kutoa arubuni kwa mzigo ambao haujavuka, na kwa waliorejea ambao leo wanawekewa mezani mikataba ya kazi na ya biashara, nadhani hesabu ni ile ile. Namba kubwa iliyo juu ya karatasi ni ya kusimuliana kijiweni. Tafuta mstari unaosema ni fedha gani itakayobaki, na kwa nani, siku mambo yatakapoharibika. Kisha mwangalie anayeijua mali hiyo kuliko wewe. Kama naye anakubali kubeba sehemu ya hasara, mnaweza kuzungumza bei. Kama anataka uibebe yote wewe, na kabla jua halijazama, basi rudisha fedha mfukoni.