Riba Nafuu Haiji kwa Amri

Kila riba inapopanda, husikika sauti zikilitaka Bunge liishushe kwa sheria. Sisi twasema njia hiyo tumekwisha kuipita, na haikutufikisha.

Septemba 2016, sheria ilizizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Riba ikashuka hadi asilimia 14 hivi, na wengi wakashangilia. Lakini mkulima wa kahawa wa Runyenjes au wa majani chai wa Imenti hana mshahara wa kila mwezi wa kuonyesha. Benki ilimwona mtu wa hatari, na kwa kuwa haikuruhusiwa kumtoza zaidi, ikamnyima. Fedha ikaikopesha Serikali, mdeni asiyeulizwa dhamana. Mkulima akakimbilia mikopo ya simu, mingine ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Riba nafuu ilibaki katika kitabu cha sheria. Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakieleweki na kinakiuka Katiba. Novemba mwaka huo kikafutwa.

Je, riba hushuka kwa nini? Hushuka Serikali inapokopa kwa kiasi na bei za bidhaa zinapotulia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, fedha zilizochapishwa ovyo zilifurika nchini. Mwaka 1993, ili kuzivuta, hati za Hazina zililipa zaidi ya asilimia 70. Nani angemkopesha mkulima? Mwaka 2003 hati za siku 91 zilishuka chini ya asilimia 2, na benki zilizozoea kuishi kwa faida ya Serikali zikalazimika kumtafuta mwananchi.

Kweli, riba ya chini nayo ina hasara: ikizidiwa na kupanda kwa bei, akiba ya mjane na ya kanisa huliwa kimya kimya. Ndiyo maana jambo hili si la benki peke yake, ni la utawala.

Ibara ya 201 ya Katiba yataka uwazi katika fedha za umma, na mzigo wa madeni ugawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Basi wabunge wa Meru na Embu wakija makanisani na bahasha za harambee, tuwaulize: mmeiruhusu Serikali kukopa kiasi gani, kwa riba gani, na kwa kazi gani? Asiyeweza kujibu asituahidi riba nafuu.