Ukishuka Pwani kujivinjari, taka zako usimwachie mwenyeji

Disemba ikibisha hodi, plani zako nazijua. Mmeshachanga kwenye kundi la WhatsApp, tiketi za SGR zimekatwa au matatu ya kukodi imelipiwa nusu, na kilichobaki ni kuulizana nani atabeba spika. Karibu sana. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni na sitakuficha: tunakungoja. Muuza madafu, mwenye boti, dereva wa tuktuk na mama wa viazi karai wanategemea mwezi huo mmoja kulipia karo ya Januari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa hebu nikuonyeshe kitu ambacho hukioni, kwa sababu wakati huo wewe uko njiani unarudi Nairobi. Ni asubuhi ya Januari 2, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Bamburi mnapopaita Pirates. Maji yamekupwa. Juu ya mwani yamelala mabaki ya sherehe yenu: chupa za maji, vifuniko, mirija, sahani nyeupe za chipsi, nepi iliyovimba kwa maji ya chumvi, ndara ya mguu mmoja.

Shangazi yangu huokota chupa hapo kabla jua halijawa kali. Mnunuzi humlipa kwa kilo. Mwaka jana nilimsaidia, nikajaza gunia haraka haraka nikidhani nimefanya kazi kubwa. Alilimwaga chini na kuanza kuchagua upya. Chupa iliyoshindiliwa mifupa ya kuku, kando. Iliyojaa mchanga na vipisi vya sigara, kando. Iliyopakwa mafuta ya chipsi, kando. Gunia langu likabaki nusu. "Hizi hazina mnunuzi," aliniambia. "Mwenye kuzitupa amezitupa mara mbili."

Maneno hayo hayajanitoka. Sisi vijana tunapenda kusema "si zitarejelezwa tu" kana kwamba kuna mashine mahali fulani inayomeza kila kitu. Hakuna. Chupa ikiwa tupu, kavu na imetengwa, ni mali. Ikichanganywa na chakula na nepi ni uchafu, na safari yake ni ya jaa la Mwakirunge, au ya moto nyuma ya vibanda, au ya baharini. Dakika ile unapoamua kuiweka wapi, wewe ndiye kiwanda cha kwanza.

Utaniambia, "Lakini kuna watu wanaolipwa kufagia." Ni kweli wapo. Ila bahari haingoji zamu yao. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ulichokiacha mchangani saa kumi na mbili jioni kinaweza kuwa kimebebwa kabla mfagiaji hajaamka. Kikishafika huko hakiozi, kinakatika vipande vidogo vidogo tu. Kasa hula yavuyavu, yule mnyama laini anayeelea, na karatasi ya nailoni majini humdanganya macho. Samaki naye humeza vile vipande. Halafu mwakani unarudi na kuagiza samaki wa kupaka.

Tusijifanye hatujui sheria pia. Agosti 28, 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya Sh4 milioni au kifungo cha miaka minne. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja kama chupa za maji, vikombe, sahani na mirija haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo mbuga, misitu na fuo za bahari. Mwaka wa 2022 ikaja sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kwenye karatasi tuko mbele. Mchangani, pipa ni moja, limefurika tangu saa sita mchana, na kila kitu kinaingia humo humo.

Kuna wanaoonyesha kuwa taka zaweza kuwa kitu kingine. Kule Lamu mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa maelfu ya ndara kuukuu, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nalipenda jahazi lile. Lakini urefu wake ni mita tisa hivi, na lilikula takriban tani kumi za plastiki. Hatuwezi kuunda jahazi kila baada ya Krismasi. Kurejeleza ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kutoileta taka yenyewe.

Na jambo hili si geni kwetu. Kumbuka soda ya chupa ya glasi kwenye duka la mtaa. Ulikuwa unaacha pesa ya chupa, au unainywea pale pale huku mwenye duka akikukodolea macho. Umewahi kuona lundo la chupa hizo ufuoni? Ni nadra, kwa sababu chupa ile ilikuwa na mwenyewe. Basi kwa nini chupa ya plastiki isiwe na shilingi chache juu yake, unazirudishiwa ukiirudisha? Kaunti zetu za Pwani zinaweza kuanza na fuo za umma msimu wa sikukuu. Wenye hoteli nao wana lao: mgeni wa siku nne hahitaji chupa mbili ndogo kando ya kitanda kila asubuhi. Jagi la glasi linatosha, na nyanya zetu walikuwa nalo.

Ila nisikufiche nyuma ya kaunti na hoteli. Kuna yaliyo mikononi mwako. Beba chupa yako ya kujaza. Maduka ya kuuza maji kwa lita yamejaa mitaani Mombasa, na utaokoa pesa. Kiu ikikushika ufuoni, kunywa dafu. Chombo chake kimeota mtini, na ukimaliza kinaoza. Ukinunua kachiri, muulize muuzaji kama ana karatasi badala ya plastiki. Mkienda kundi, bebeni magunia mawili: la chupa tupu zilizokaushwa na la mengineyo. Lile la kwanza mpe mwokotaji mkononi kabla hujaondoka. Kwako ni dakika moja, kwake ni unga wa jioni.

Na ile picha ya mwezi wa usafi, tisheti zinazofanana na glavu mpya, piga tu ukitaka. Lakini usiokote Jumamosi ulichokitupa Ijumaa, halafu utake upigiwe makofi.

Wahenga waliotukaribisha wageni walikuwa na neno la pili ambalo huwa tunalisahau: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumaanisha kumfukuza. Walimaanisha kwamba akishakula na kulala, sasa ni mmoja wa nyumba hii, na nyumba ina kazi. Hivyo Disemba hii njoo, ogelea, cheza, kula ushibe. Siku ya tatu usishangae nikikukabidhi gunia. Shangazi yangu atakuonyesha jinsi ya kuchagua.