Hifadhi Isiyo na Lango

Mkazi wa Karatu haelezwi maana ya neno hifadhi. Kila asubuhi tunaona magari ya watalii yakipanda kuelekea lango la Lodoare, na wengi wetu tuna ndugu anayepata riziki huko: dereva, mpishi, mwongoza wageni au askari. Lakini ipo hifadhi nyingine inayotuhusu, ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Ni hifadhi ya maandishi, picha, sauti na vipimo ambavyo vyuo, maktaba na taasisi za utafiti zimeviweka kwenye kompyuta ili msomaji avifikie kwa intaneti, mara nyingi bila malipo. Wataalamu huziita hazina za kidijitali. Maoni yetu ni kwamba hazina hizo zimebeba sehemu kubwa ya historia ya nchi hii, kuanzia Eyasi hadi Laetoli, na kwamba Kanisa la hapa lina wajibu wa kujifunza kuzitumia na, kwa uangalifu, kuzichangia.

Tuanze na kile kilichotoka kwetu. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alifukua mifupa ya binadamu Olduvai, ikasafirishwa Ujerumani. Fuvu lilibaki Munich. Mifupa mingine mingi ya mtu huyo ikapotea. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alichimba pango la Mumba kando ya Ziwa Eyasi, na mwaka 1939 akapata kipande cha taya huko Garusi, sehemu ambayo leo tunaiita Laetoli. Makusanyo yake yako Tübingen. Mtoto wa Mang'ola anayetaka kujua kilichofukuliwa nyuma ya mashamba ya vitunguu ya baba yake anaambiwa aende Ulaya.

Hapo ndipo hazina za kidijitali zinapoonyesha faida yake. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka takriban milioni 3.66, zilichimbwa na timu ya Mary Leakey kuanzia mwaka 1978. Baada ya uchunguzi zilifukiwa tena ili mvua, mizizi na miguu ya watu visiziharibu. Asili imefunikwa kwa udongo kwa makusudi, na mgeni anaonyeshwa nakala. Kisha mwaka 2015 zikaonekana nyayo nyingine, mita takriban 150 kutoka zile za mwanzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walichapisha matokeo mwaka 2016 katika jarida la eLife, ambalo halimtozi msomaji hata senti. Mwanafunzi wa Endulen mwenye simu na bando dogo anaweza kufungua makala yale, akatazama picha na vipimo vilevile anavyotazama profesa wa London. Miaka 60 iliyopita jambo hilo lisingewezekana.

Mifupa na nyayo ni sehemu moja tu. Lugha nazo zimo. Mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw, na kabla ya hapo, mwaka 1998, yalichapishwa maandiko ya Kiiraqw yaliyokusanywa na Paul Berger miaka mingi nyuma. Kigorowa, lugha ya ndugu zetu wa Babati iliyo karibu sana na Kiiraqw, ina mkusanyiko wake wa sauti na video katika hazina ya lugha zilizo hatarini iitwayo ELAR, iliyoanzishwa London na sasa iko Berlin. Upande wa sheria kuna TanzLII, ambamo mtu anasoma sheria na hukumu za mahakama za nchi yetu. UNESCO nayo huweka wazi taarifa za kila eneo la urithi wa dunia, na Ngorongoro imo tangu mwaka 1979. Mfugaji wa Nainokanoka anayebishana na mwenzake kuhusu nini kiliandikwa juu ya makazi na malisho hana sababu ya kutegemea uvumi. Akisoma nyaraka anaweza bado asikubaliane na mwenzake, ila watakuwa wanabishana juu ya kitu kimoja.

Kanisa nalo halikubaki nyuma. Maktaba ya Vatikano inaendelea kuziweka kwenye intaneti hati zake za mkono, ambazo ni takriban 80,000. Matoleo ya Acta Apostolicae Sedis yanapatikana kwenye tovuti ya Vatikano. Chuo Kikuu cha Duquesne cha Marekani, kilicho chini ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kimeweka wazi majarida na vitabu vya shirika hilo, na mapadre hao ni miongoni mwa waliopeleka Injili kwa Wamaasai wa Ngorongoro na Loliondo. Frateri anayeandika tasnifu yake kuhusu uinjilishaji wa wafugaji hawezi tena kujitetea kwamba vitabu havipo.

Swali letu sasa ni hili: katika aina zote hizo za kumbukumbu, sauti yetu wenyewe iko wapi? Karibu yote tuliyotaja yalikusanywa na watu waliokuja, wakaandika, wakaondoka. Wamisionari wa Afrika, waliotangulia Wapalotini katika nchi ya Mbulu, walikuwa na kanuni ya kuandika shajara ya kila siku katika kila misheni, na kumbukumbu za shirika lao zimetunzwa Roma. Sisi tuliopokea imani kutoka kwao tumeandika nini? Katekista aliyefundisha kwa miaka 40, akitembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, aliacha madaftari. Akifa, wajukuu wanayachukua kuwashia moto, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni historia ya Kanisa.

Slufay ni mfano ulio wazi zaidi. Wairaqw wanaifahamu: sala ndefu ambayo mzee huitamka katika mkutano, akiomba amani, mvua na baraka, na waliohudhuria humwitikia. Aliyezoea litania anaona mara moja undugu wa namna hizo mbili za kusali. Wanataalimungu wetu wanazungumza sana juu ya utamadunisho. Lakini wazee wanaoijua slufay kwa ukamilifu wanapungua, na vijana wengi wa Karatu mjini wanaisikia tu kwenye harusi, tena kwa kifupi. Huwezi kutamadunisha kitu ambacho hukukihifadhi. Simu zetu zina uwezo wa kurekodi sauti saa nzima, nasi tunazitumia kurekodi kwaya na michezo ya mpira.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza watasema: wageni walichukua mifupa yetu, sasa mnataka tuwape na sala za wazee wetu? Tunalielewa chungu hilo. Jibu letu ni kwamba kuhifadhi si kugawa. Hazina nzuri huweka masharti: nani asikilize, nani aombe ruhusa, jina la nani liandikwe. Mzee aulizwe kwanza, aelezwe sauti yake itakwenda wapi, na akikataa, iwe imekwisha. Nakala ya kwanza ibaki kwake na kwa ukoo wake.

Wa pili watauliza juu ya siri. Hapa hatuna mzaha. Daftari la ubatizo na la ndoa lina mambo ya watu: wazazi ambao hawakufunga ndoa, watoto walioasiliwa, ndoa zilizotenguliwa. Mwaka 2008 Idara ya Makleri ya Vatikano iliwaelekeza maaskofu wasiiruhusu taasisi ya nasaba ya Utah, Marekani, kunakili madaftari ya parokia. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo hatusemi madaftari yapandishwe kwenye intaneti. Tunasema yapigwe picha vizuri, na picha hizo zitunzwe chini ya ufunguo wa jimbo, kwa sababu mchwa na paa linalovuja haviheshimu siri wala sakramenti. Mkristo anayetaka kufunga ndoa na kukuta ukurasa wa ubatizo wake umeliwa ndiye anayelipa gharama ya uzembe wetu.

Wa tatu watasema kompyuta nazo huharibika. Ni kweli. Mwezi Oktoba 2023 maktaba kuu ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi. Lakini karatasi nazo huungua: tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia mlimani uliteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na vitabu vingi vya Afrika vikaondoka nao. Somo la matukio hayo mawili ni moja: kitu chenye thamani kisikae mahali pamoja. Karatasi ibaki, na nakala iwepo kwingine.

Kanisa lilijua hivyo kabla ya kompyuta kuingia parokiani. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka kila parokia iwe na madaftari yake na mahali pa kuyatunza, na vitabu vya zamani vihifadhiwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inataka orodha ya kumbukumbu za parokia itengenezwe kwa nakala mbili, moja ibaki parokiani na ya pili iende jimboni. Mwaka 1997 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Kiutamaduni wa Kanisa iliwaandikia maaskofu barua nzima kuhusu jukumu la kichungaji la kumbukumbu hizo. Neno "kichungaji" lina uzito wake pale: kutunza karatasi ni sehemu ya kutunza kundi.

Basi tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji mfadhili. Frateri aliye katika mwaka wa uchungaji aombe ruhusa ya paroko, atengeneze orodha ya madaftari yote ya parokia, ayaondoe sakafuni na kuyaweka kwenye kabati kavu. Kila jumuiya ndogo ndogo iwataje wazee wawili au watatu wenye kumbukumbu za mwanzo wa kigango, na vijana wawarekodi kwa lugha ya mzee mwenyewe, iwe Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga au Kihadzabe, kwa ridhaa yake. Walimu wa seminari wawafundishe wanafunzi kutafuta katika hazina hizi kama wanavyowafundisha kutumia maktaba ya vitabu. Na kila frateri anayemaliza tasnifu inayohusu watu wa huku arudishe nakala moja parokiani alikokusanya habari zake.

Katika Injili, baada ya watu elfu tano kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Kazi hiyo hakuwaachia wapita njia. Aliwapa wale waliokuwa wamegawa mikate kwa mikono yao.