Gonga Chungu, Tazama Taa

Huko Ikombe, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosifika mbali. Vyungu hivyo huchukuliwa kwa mitumbwi hadi Matema, kisha huendelea kwa magari hata Kyela na Mbeya. Mnunuzi mwenye akili hatosheki na uzuri wa chungu. Hukigonga kwa kidole akasikiliza. Kilicho kizima hulia vizuri, na chenye ufa hujisema chenyewe.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akienda kununua gari hutazama rangi tu! Yafaa ajue kwamba gari nalo lina namna yake ya kugongwa.

Ndani ya magari ya siku hizi mna kompyuta ndogo ndogo ziitwazo maikrokontrola. Hazina maarifa mengi. Kila moja ina kazi yake. Moja huipimia injini petroli, nyingine huteremsha vioo, nyingine hulinda breki. Mwaka 1977 gari la Kimarekani, Oldsmobile Toronado, lilitumia kompyuta kuamua wakati wa moto wa plagi. Na mwaka 1978 Mercedes-Benz ilianza kuuza gari lenye breki za ABS zilizoundwa na Bosch.

Tuitazame hiyo ya breki. Sensa za magurudumu huiarifu mwendo wa kila gurudumu. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu penye utelezi, na gurudumu likataka kukwama hali gari lingali likienda, kompyuta huilegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja, ili usukani uzidi kutii. Fikirini faida yake kwa jamaa wanaoteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela siku ya mvua.

Basi, ufunguo uwashwapo, kompyuta hii hujipima kwanza. Taa yake ya manjano huwaka, kisha huzimika. Isipozimika, pana hitilafu: kwa kawaida breki zenyewe zingali zikishika, lakini mlinzi hayupo. Na isipowaka kabisa, ulizeni zaidi. Huenda imeungua, au huenda imezibwa makusudi.

Ndugu muuzaji, kuiziba taa hiyo ni kuupaka udongo ufa wa chungu. Ufa wa chungu humwaga mchuzi. Ufa huu waweza kumwaga damu ya watoto wa mwenzako. Dini yetu imekataza kuficha aibu ya kitu kinachouzwa. Nawe mnunuzi, kabla ya kuhesabu fedha, washa ufunguo, tazama taa, kisha mwite fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Chungu hugongwa sokoni, hakingojewi kifike jikoni.