Kartasi ya Mukubwa na Kartasi ya Mudogo



Katika mwezi wa Novemba mwaka 2025 mambo mawili yalipita katika inchi yetu ya shaba, na hatutaki yasahauliwe.

La kwanza lilipita tarehe 4, hapa Lubumbashi. Maji ya uchafu yalitoka katika bwawa la kiwanda kimoja cha madini, yakateremuka mpaka mitaani, yakaingia katika viwanja vya watu. Leta ilisimamisha kazi ya kiwanda kile kwa miezi mitatu. La pili lilipita tarehe 15, kule Mulondo katika jimbo la Lualaba, kwenye machimbo ya Kalando. Wachimbaji wa mikono walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua na hatari ya udongo kuanguka. Waliingia kwa nguvu. Daraja la miti lililopita juu ya shimo la maji likavunjika chini yao, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Watu wengine wanasema: hayo ni mambo mawili, moja la maji, moja la machimbo. Sisi tunasema ni jambo moja. Lubumbashi kompani ilikuwa na kartasi za Leta, lakini kartasi hazikuzuia maji. Mulondo Leta ilikuwa imetoa katazo, lakini katazo halikuzuia njaa. Pande zote mbili Leta ilisema neno, na neno halikufanya kazi. Kwa nini? Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuitazama leo.

Wazee wetu wanajua sana habari ya kartasi. Wakati wa Wabelgiji mutu mweusi hakuweza kutoka kwa shefu yake na kwenda kukaa katika muji bila ruhusa. Alipoandikwa kazi alipewa buku, na asipokuwa na buku alikamatwa. Wakati ule ule, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipewa udongo mpana wa kuchimba, na hakuna mwenye kijiji aliyeulizwa kama maji yake yatabaki safi. Kartasi ya mukubwa ilimufungulia mulango. Kartasi ya mudogo ilimufungia njia.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Tarehe 1 Januari 1967 migodi ya Union Minière iliingia katika mikono ya Leta yetu. Bendera ilibadilika, na mabwana walibadilika. Lakini ndugu, tuulizane pasipo haya: kartasi nazo zimebadilika?

Tuanze na muchimbaji. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018, inasema kwamba muchimbaji wa mikono lazima awe Mukongomani mukubwa wa umri, awe na karte yake, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa, na achimbe katika mahali palipowekwa na Leta kwa kazi hiyo. Hatuna shauri na maneno hayo. Ni maneno mazuri. Yanataka mutoto akae masomoni, na mutu mukubwa achimbe mahali panapojulikana. Lakini mahali penyewe pako wapi? Udongo wenye shaba na kobalti karibu na barabara umekwisha kuandikwa kwa majina ya kompani. Mahali panapobaki mara nyingi ni mbali, hapana njia, au madini yako chini sana kwa mutu mwenye sururu na mutaimbo tu. Kumupa mutu karte bila mahali ni kumupa ruhusa ya kuvua samaki na kumunyima muto.

Tukumbuke Kasulo, mutaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 watu walivumbua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu moja ikazungushiwa ukuta, jamaa nyingi zikahamishwa, na waliochimba ndani wakauza kwa munUnuzi mumoja tu. Ukuta ulileta utaratibu, hatukatai. Lakini waliobaki inje ya ukuta walikwenda wapi? Walikwenda kuingia usiku katika machimbo ya wengine. Na huko ndiko wanakofia.

Mwaka 2019 Leta ilianzisha kompani yake, Entreprise Générale du Cobalt, ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wa mikono. Miaka ikapita, na wanunuzi wa barabarani waliendelea kusema bei kwa mizani yao wenyewe. Kisha Februari 2025 Leta ikakataza kobalti kutoka katika inchi, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka kipimo cha tani kwa kila kompani. Hatuchukii kipimo hicho. Inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ina haki ya kusema juu ya bei yake. Lakini mulango ulipofungwa, kompani ilikuwa na depo na benki. Muchimbaji alikuwa na mufuko wake wa siku ile, na watoto wanaomungoja nyumbani. Nani alikumbuka kumuwekea sehemu yake?

Sasa twende sokoni. Sheria ya biashara ya mwaka 1973, na ile ya tarehe 8 Agosti 1990 juu ya biashara ndogo, zinasema kwamba biashara ndogo ni ya wana wa inchi, na mwenye kuifanya awe na patanti. Mama anayeuza unga au vitenge anainunua patanti yake. Kisha asubuhi anakuja mutu wa soko, saa sita anakuja mutu wa muji, jioni anakuja mwingine ambaye hata kartasi yake haionyeshi. Kila mumoja anataka falanga. Na ngambo ya barabara, mugeni mwenye depo kubwa anauza beseni moja moja na sabuni moja moja, na hakuna anayemuuliza kama hiyo ni biashara ya jumla ama ya rejareja.

Lakini musitusikie vibaya. Hatusemi wageni wafukuzwe. Wazazi wetu waliona namna hiyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wana wa inchi. Yalipewa nani? Wakubwa na marafiki wa wakubwa. Walikula mali iliyokuwa ndani, wakafunga milango, na raiya wakakosa chumvi na sukari. Kumufukuza mugeni si kumusaidia mudogo. Kumusaidia mudogo ni kumukopesha feza kwa faida ndogo, kumutoza kodi moja yenye risiti moja, kumujengea soko lenye paa na choo, na kulipa deni lake kwa siku iliyoandikwa.

Hapo pia sheria hazikukosa. Tarehe 8 Februari 2017 ilitoka sheria inayosema kwamba kazi ndogo ndogo zinazotolewa na kompani kubwa, kama kubeba, kupika, kulinda na kujenga, ni za kompani za Wakongomani. Tarehe 8 Septemba 2022 ikatoka nyingine ya kuwasaidia wanaoanzisha biashara. Lakini tunajua wote namna mambo yanavyotendeka. Jina la Mukongomani linaandikwa mulangoni, feza inabaki kwa mwingine, na mwenye jina anapewa bahasha mwisho wa mwezi. Ndugu unayekopesha jina lako, ujue kwamba umeuza mukate wa kijana wa jirani yako.

Juu ya kazi, wazee walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema vilevile kwa namna yake. Mugeni hawezi kuandikwa kazi bila karte ya kazi, na kuna komisyo ya kutazama kama kazi ile haipati mutu hapa kwetu. Maana yake ni wazi: mugeni aje na ujuzi, aufanye, aufundishe. Lakini tunaona wageni wanaoendesha lori, wanaohesabu mifuko depo, wanaosimamia vijana wanaobeba matofali. Kweli katika Lubumbashi yote, katika Likasi yote, amekosekana Mukongomani anayejua kuendesha lori? Na mwenye ujuzi wa kweli, injinia ama fundi wa mashini, Mukongomani anayesimama karibu naye ili ajifunze ni nani? Kama hakuna, basi karte ile imetolewa bure.

Tuangalie Mwenga, Kivu ya Kusini. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa jimbo alisimamisha kazi za kompani za wageni zilizochimba zahabu kule, kwa sababu ya kartasi zisizo sawa na kwa sababu ya mito iliyoharibiwa. Hapo mambo yote matatu yalikutana: kazi, biashara, na maji. Anayeingia bila kuulizwa juu ya moja hataulizwa juu ya mengine. Mulango ni mumoja.

Na juu ya udongo na maji, ni nani atasema tunakosa sheria? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kukaa mahali penye afya. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inataka madhara yachunguzwe kabla ya kazi kubwa kuanza. Sheria ya madini inataka kompani itoe sehemu 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vilivyo karibu. Inataka pia kodi ya madini igawanywe: 50 kwa mia kwa Leta kubwa, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, sekta ama sheferi mahali madini yanapotoka, na 10 kwa ajili ya watoto watakaokuja. Kinachokosekana ni macho. Mukaguzi anayefikishwa na gari la kompani, anayelala katika nyumba ya wageni ya kompani, ataandika nini? Na ahadi za kompani zimeandikwa kwa Kifaransa, zimefungwa katika kabati ya ofisi. Mulimaji wa Fungurume atajuaje kwamba maji yale meupe katika mufereji wake ni kosa, kama hajasomewa ahadi?

Tuseme ukweli na juu yetu wenyewe. Yule anayeosha mawe ya kobalti katika kijito ambamo wamama wanachota maji, anakosa. Yule anayekata miti yote ya kijiji kwa makala, anakosa. Udogo si ruhusa ya kuharibu. Lakini mudogo anakamatwa leo leo na sururu yake inachukuliwa. Mukubwa anaandikiwa barua. Hiyo ndiyo mizani miwili tunayoikataa.

Watu wengine watatuambia: mukikaza sheria, kompani zitakwenda. Ziende wapi? Kiwanda kinaweza kuhama, na mutu anaweza kuhama. Shaba ya Katanga haihami. Anayeitaka atakuja hapa, na atafuata sheria akiiona inafuatwa na wote.

Kwa hiyo tunadai mambo matano.

Kwanza, kila karte ya muchimbaji iwe na mahali pake, karibu na barabara, mahali palipopimwa na wajuzi wa Leta. Na kompani zinazoshika udongo bila kuuchimba ziurudishe.

Pili, sokoni iwe kodi moja na risiti moja. Anayeomba zaidi ya hapo ashitakiwe.

Tatu, kila karte ya kazi ya mugeni iandikwe jina la Mukongomani anayefundishwa, na isifanywe upya kama hakufundishwa.

Nne, ahadi za kompani juu ya maji, udongo na 0.3 kwa mia zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wanakijiji, na zibandikwe mahali pa wazi.

Tano, wakaguzi wapewe magari na mushahara wa Leta, na wafike bila kutangazwa.

Na ninyi, ndugu wasomaji, musingoje Kinshasa peke yake. Ukilipa, uombe risiti. Ukisikia mukutano wa sekta, uende, usimame, uulize ile 15 kwa mia ilifanya kazi gani. Usimuguse mugeni kwa mukono, kwa maana kosa si ngozi yake. Umuulize kartasi yake, na wewe uwe tayari kuonyesha yako. Waliokufa Kalando hawatarudi. Lakini mwaka huu mvua itanyesha tena, na mabwawa yatajaa tena, na wenye njaa watasimama tena mbele ya katazo. Wazazi wetu walilia uhuru ili tusiwe tena watu wa kuulizwa kartasi tu. Tuwe nasi watu wanaouliza.