Njia Haijilimi Yenyewe

Neno kujitolea limezoeleka mno vinywani mwetu hata tumesahau kulitazama. Mwanasarufi akilichambua atakuta kitenzi toa, kauli ya kutendea, na kiambishi ji kinachomrejelea mtendaji mwenyewe. Anayejitolea, kwa hivyo, ni mtu anayeitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo fulani. Hakuna kipashio chochote katika neno hilo kinachobeba maana ya 'bure'. Licha ya hayo, ndivyo wengi wetu tunavyolielewa: kwamba kazi ya kujitolea haina gharama na, maadamu haina gharama, haihitaji msaada wa mtu. Dhana hii ni potovu, na upotovu wake hudhihirika tukitazama jinsi njia moja ndefu ya miguu inavyotunzwa.

Njia hiyo ni Appalachian Trail nchini Marekani. Huanzia mlima Springer katika jimbo la Georgia na kuishia mlima Katahdin katika jimbo la Maine, mwendo wa kilomita zipatazo 3,500 kupitia majimbo 14. Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu, alilitoa wazo lake mwaka wa 1921. Mwaka wa 1925 chama cha kuisimamia kikaundwa. Na mwaka wa 1937 njia ikakamilika. Hadi leo vilabu vipatavyo 30 vya wananchi wanaojitolea vimegawana njia hiyo, kila kimoja kikiwa na kipande chake cha kufyeka, kulima na kukarabati.

Huenda msomaji akauliza: njia ikishafunguliwa, kuna kazi gani tena? Kazi ndiyo huanzia hapo. Mvua inaponyesha mlimani, maji hutafuta mkondo rahisi wa kuteremkia, na aghalabu mkondo huo huwa ni ile ile njia ya watu. Yasipoelekezwa kando kwa mawe, magogo na mitaro, huchimba korongo. Wapita njia nao hulikwepa korongo kwa kukanyaga majani ya kando. Majani hufa, udongo hubaki uchi, na mvua inayofuata hupanua jeraha la kwanza. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fauka ya hayo, yapo mabaa yasiyobisha hodi. Kimbunga cha mwaka wa 1938 kiliikata njia hiyo mwaka mmoja tu baada ya kukamilika, na kwa sababu hiyo, pamoja na vita vya dunia na ujenzi wa barabara ya magari, haikuunganika tena hadi mwaka wa 1951. Mnamo Septemba 2024 kimbunga Helene kiliharibu sehemu zake za kusini, na waliojitolea wakalazimika kurudi milimani na misumeno.

Misumeno hiyo haiokotwi. Hununuliwa, hunolewa, hutiwa mafuta, na anayeishika sharti afunzwe asije akajikata mguu. Kuna nauli, kuna chakula, kuna dawa za huduma ya kwanza. Mtu aliyekwisha kutoa jasho lake hapaswi kudaiwa pia bei ya jembe. Hapo ndipo sisi tupitao njiani bila kuishika kazi tunapoingia: ada ya uanachama ya kila mwaka, hata iwe ndogo, inakifaa klabu kuliko sifa tele za siku moja, kwa kuwa klabu inaweza kuitegemea inapopanga kazi.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jukumu la serikali. Kodi hulipwa kwa nini? Hoja hii ina uzito, lakini haikamiliki. Serikali ya Marekani iliingia kweli: sheria ya mwaka wa 1968 iliipa njia hiyo hadhi ya kitaifa na kufungua mlango wa kununuliwa kwa ardhi inakopita. Hata hivyo, mwaka wa 1984 serikali hiyo hiyo ilikikabidhi chama cha njia sehemu kubwa ya usimamizi. Serikali huweza kutunga sheria na kununua ardhi. Si rahisi impate mtu anayekijua kila kijito katika kipande chake. Wengine watadai kuwa kupanda milima ni burudani ya wenye nacho, na mwanafunzi anayehangaikia karo hahusiki. Mimi naona kinyume. Njia ikitunzwa na matajiri peke yao, ndio watakaoamua nani apite. Haba na haba za wengi ndizo huifanya njia kuwa ya umma.

Funzo hili si geni kwetu tuliolelewa kwa wito wa harambee. Nchini Kenya, Sheria ya Misitu ya 2005 ilizipa jamii nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika usimamizi wa misitu, nafasi ambayo imedumishwa na sheria ya 2016. Msitu wa Karura, uliopiganiwa na Wangari Maathai na wenzake mwaka wa 1999 usigawiwe wajenzi, leo una njia ambazo maelfu ya wakazi wa Nairobi huzitembea, na chama cha wananchi kimechangia pakubwa kuufikisha hapo.

Pendekezo langu kwa vyama vya wanafunzi ni hili. Kila safari ya msituni au mlimani itengewe ada ya chama kinachotunza njia, na kila mwaka siku moja itengwe ya kushika jembe na panga. Aidha, tunayo amali ambayo wengine hawana. Mabango mengi ya kuelekeza na kuonya katika misitu yetu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wapitao ni watu wa kila tabaka. Kuyaandika kwa Kiswahili sanifu na chepesi ni kazi tunayoiweza, tena hatuhitaji msumeno. Tukifanya hivyo, neno kujitolea litakuwa na maana kwetu nje ya daftari la sarufi.